Ndoo Kwenye Msumari Wake

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo unanisikiliza: mwanao wa kumzaa akikuuliza unataka nini, unamjibu nini? Unamtajia tu? Basi umenizidi.

Mimi nilizaliwa nyumba ya watoto kumi na mmoja. Mezani kwetu bakuli lilizungushwa kuanzia kwa baba mpaka kwa mdogo wa mwisho, na mtoto aliyesema "nataka" bakuli lilimpita. Halikurudi. Mimi nililisema mara moja tu, nikiwa na miaka mitano, kwa sababu ya kipaja cha kuku kilichokuwa na ngozi iliyokaangika vizuri. Nikaliona bakuli likinipita hivi hivi chini ya pua, likaenda kwa dada yangu Amanda, naye akachukua kipaja kilekile. Tangu siku hiyo nikajifunza kujibu kama wenzangu: "Kama mtaona inafaa." Sisi Waamishi, Wakristo wa mashambani huku Marekani tunaoishi bila makuu, ndivyo tunavyojibu. Neno "nataka" kwetu ni kama kuvaa vifungo vya kung'aa: majivuno.

Sasa sikiliza lililonipata majira haya ya baridi.

Mwezi wa kumi, Rudy, mtoto wetu wa mwisho, alitimiza mwaka mmoja wa ndoa, nasi tukahamia nyumba ndogo kama desturi ilivyo. Shamba na nyumba kubwa vinabaki kwa kijana na mkewe, wazee wanavuka ua. Kutoka mlango wangu mpya mpaka mlango wa zizi ni hatua arobaini na moja. Nimezihesabu mara nyingi, utaona kwa nini.

Siku ya kuhama, Rudy alisimama mlangoni amebeba bomba la jiko begani, masizi yamempaka shavu lote. Akaniuliza, "Mama, utaendelea kukamua, au sasa utapumzika?"

Mimi nilikuwa nimekumbatia saa ya ukutani. Moyo wangu uliruka. Nimekamua ng'ombe tangu nina miaka sita, na sasa nina sitini na minane. Nikajibu kwa adabu zote nilizofundishwa, "Kama mtaona inafaa, mwanangu."

"Haya," akasema, akalipitisha bomba ndani.

Kesho yake akaniletea kiti cha kubembea alichokitengeneza mwenyewe kwa mbao ngumu, kikalio kimesuguliwa laini kama sabuni. Akakiweka karibu na dirisha. "Umefanya kazi ya kutosha, Mama," akasema. Nikashukuru. Ndivyo nilivyostaafishwa.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na nusu kama kawaida. Nikavaa soksi mbili mbili, nikajifunga kitambaa kichwani, nikashika kitasa cha mlango, ndipo nikakumbuka. Nikarudi kwenye kile kiti, nikaketi na koti mwilini, nikawa nasikiliza. Mlango wa zizi hulia mara mbili ukifunguliwa, kwa sababu bawaba ya chini imelegea. Halafu makopo ya maziwa yanagongana. Halafu ndoo. Maziwa yakipiga bati tupu hulia kwa ukali, ndoo ikianza kujaa hulia kwa uzito, na povu likipanda husikii kitu. Tuna ng'ombe kumi na wawili, wote hukamuliwa kwa mkono. Siku za upepo sikusikia kitu, lakini asubuhi tulivu, theluji ikiwa imelala, niliwasikia mmoja mmoja. Kumi na mmoja walikwenda vizuri. Wa kumi na mbili alikuwa anakatika.

Huyo ni Tillie. Ni mweusi, pembe moja imepinda kuelekea jicho, chuchu zake za nyuma fupi kama ncha ya kidole gumba. Nilimsaidia kuzaliwa na nimemkamua mimi peke yangu miaka saba. Tillie hataki mkono mgeni. Akishikwa na mtu asiyemzoea hubana maziwa, halafu hupiga teke la pembeni ambalo huwezi kulikwepa mpaka uwe unajua sikio gani analishusha kwanza. Ni la kushoto.

Basi kila asubuhi nilisikia ndoo ikilia kidogo, ikakatika, halafu bati likabiringika sakafuni, na sauti ya Malinda, mke wa Rudy, ikisema, "Ewe mnyama!" Malinda ni binti mpole sana. Ukisikia amesema "ewe mnyama" ujue ameumia.

Mimi nikawa siwezi kutulia. Nilikata tambi za mayai zikajaa kila kamba ya kuanikia iliyokuwa ndani ya nyumba. Nilishona viraka vya blanketi nikavifumua, nikavishona tena. Siku moja mwezi wa kwanza nikaanza kuosha madirisha kwa nje, maji yakaganda kwenye kioo kabla sijapitisha kitambaa.

Mzee wangu Yost alikuwa ndani anachonga mpini wa shoka. Akagonga kioo. "Savilla! Unaosha dirisha au unatengeneza barafu?"

"Lilikuwa chafu."

"Sasa ni chafu na halionyeshi kitu. Ingia ndani. Unazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia." Nilipoingia akanimiminia kahawa. "Mwambie," akasema.

"Nimwambie nani nini?"

"Mwambie Rudy hilo unalolizunguka."

"Mwenye shamba sasa ni yeye. Mimi siwezi kwenda kumpangia kazi zizini mwake. Mwambie wewe."

"Mimi?" Yost akacheka mpaka vipande vya mbao vikamwangukia kwenye ndevu. "Mimi yule ng'ombe alinipiga teke mwaka juzi mpaka nikachechemea kanisani. Sina maombi yoyote juu yake."

Nikaamua kusema kwa njia yetu, yaani bila kusema. Nikachukua mkebe wa mafuta ya kiwele, yale ninayoyachanganya mwenyewe kwa nta, nikampelekea Malinda jikoni. "Nimeona labda yatafaa," nikamwambia. "Chuchu za Tillie hupasuka kwenye baridi. Mimi nilikuwa nampaka kabla na baada."

"Asante, Mama. Nitampaka." Akayapokea kwa mikono miwili.

Siku mbili baadaye nikamwambia, "Tillie amezoea kuimbiwa. Wimbo wa pole pole, ule wa kufungulia ibada."

"Nitamwimbia, Mama."

Akamwimbia, maskini. Nilimsikia. Alifika ubeti wa pili, ndoo ikaruka.

Kwa Rudy nilijitahidi zaidi. Nilimkuta anapasua kuni, nikasema, "Naona theluji si nyingi kati ya kwangu na zizi. Mtu mzima anaweza kuvuka bila shida." Nilidhani hapo nimesema wazi kiasi cha kuona aibu. Rudy akasimama na shoka, akaangalia ua, akafikiri. "Ni kweli, Mama," akasema.

Asubuhi yake nikafungua mlango nikakuta kijia kimechimbwa kwa koleo, kingo zimenyooka kama zimepimwa kwa kamba, na majivu yamemwagwa juu yake. Nikafurahi mpaka nikakifuata kwa macho. Hakikwenda zizini. Kilikunja kona kikaenda chooni.

"Usije ukateleza, Mama," akaniambia Rudy. Mkononi alishika ndoo aliyobebea majivu. Nikaitazama. Ilikuwa ndoo yangu, ile yenye kibonyeo ubavuni, kibonyeo alichokipiga Tillie siku ya kwanza nilipomkamua. Miaka yote ilining'inia kwenye msumari wa pili kutoka mlango wa zizi. Sasa ilikuwa nyeupe ndani kwa majivu.

Nikasema asante. Nikaingia ndani nikafumua kiraka kingine.

Jumapili moja, tukiwa tunarudi kutoka ibadani kwa gari la farasi, wote wanne tumebanana chini ya blanketi moja, Rudy akasema na baba yake kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Tillie nitamuuza. Anatoa nusu ya anachoweza, na anawatia wenzake wasiwasi. Pruitt atakuja na lori Ijumaa ya wiki ijayo, tukishamaliza barafu."

Pruitt ni mtu wa nje, mnunuzi wa ng'ombe, na ng'ombe wanaopanda lori lake hawaendi kukamuliwa na mtu mwingine. Kila mtu anajua wanakokwenda.

Yost akaniangalia. Rudy naye akageuza shingo kidogo. "Mama, wewe unaonaje?"

Nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga kama mitungi ya achari kwenye rafu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilekile: "Ninyi ndio mnaokamua. Kama mtaona inafaa."

"Haya," akasema Rudy, akamtikisia farasi hatamu.

Tulipofika kwetu, Yost akawasha taa. Ndipo akasema, "Savilla, leo ungeulizwa kama nyumba inaungua ungesema kama mtaona inafaa."

Hakuwa amekosea.

Ile wiki watu wote walikuwa hawana utulivu, si mimi peke yangu. Barafu ilikuwa imechelewa. Maziwa yetu hupozwa kwa barafu ya bwawani, tunayoikata na kuifukia kwenye vumbi la mbao mpaka kiangazi, na usipokuwa na barafu hakuna anayeyapokea maziwa yako. Wanaume walikwenda bwawani kila asubuhi na keekee, wakatoboa, wakapima, wakarudi wakitikisa vichwa. Inchi sita. Inchi saba. Siku moja mvua ikanyesha, mvua mwezi wa kwanza, na Rudy akasimama mlangoni mwa zizi akiiangalia kama mtu aliyetukanwa. Halafu Jumatatu upepo ukageuka ukaja kutoka Kanada, misumari ya paa ikawa inapasuka kwa sauti kama bunduki, na Jumatano bwawa likawa na inchi kumi na moja.

Alhamisi majirani wakaja, gari baada ya gari, na misumeno mirefu. Mabamba ya barafu yalikatwa marefu ya kufika kifuani kwa mtu, yakavutwa kwa koleo za chuma, yakapandishwa kwenye sleji, magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu, farasi wakayakokota mpaka ghalani huku mvuke ukiwatoka puani. Sam Gingerich, jirani yetu mwenye mdomo usiofungwa, alipita kwenye dirisha la jikoni na sharubu, hapana, sharubu hatufugi, na ndevu zimeganda zikawa kipande kimoja.

"Wanawake!" akapiga kelele. "Kama chakula hakijaiva tutakula ndevu za Sam!"

"Zina nini cha kula?" nikamjibu. "Makombo ya juzi."

"Ndiyo maana zimehifadhiwa kwenye barafu!"

Jikoni tulikuwa mimi na Malinda tu, wanawake wengine walikuwa wanapanga meza chumba cha pili. Viazi vilikuwa vinachemka, nyama ya ng'ombe tuliyoihifadhi mitungini imemwagwa kwenye sufuria kubwa, tambi zangu zote zimepata kazi hatimaye. Malinda aliinama kuchukua bakuli kabati la chini akashindwa kuinuka. Alishika paja. Nikamshika mkono, nikamkalisha, akapandisha gauni kidogo kunionyesha. Juu ya goti palikuwa na alama nyeusi na ya manjano, kubwa kama sahani ya chai.

"Tillie?"

"Asubuhi ya leo." Machozi yalikuwa karibu lakini alicheka. "Kesho anaondoka, basi. Sijui nilimkosea nini. Nampaka mafuta, namwimbia. Labda sauti yangu mbaya."

"Sauti yako nzuri. Unakaa karibu sana na mguu wa nyuma, na hutazami sikio."

"Sikio gani?"

"La kushoto. Akilishusha unatoa ndoo."

Malinda akaniangalia sana. "Mama," akasema taratibu, "mimi ningekuwa na mtu wa kunisaidia asubuhi, hata siku tatu kwa wiki… Lakini Rudy alisema nisikusumbue. Alisema ulikataa."

Nilikuwa nimeshika mwiko wa kupondea viazi. "Nani alikataa?"

"Wewe. Siku ile ya kuhama. Alikuuliza kama utaendelea, ukasema kama tutaona inafaa."

"Ndiyo! Nilisema hivyo!"

"Basi," akasema Malinda, "si ndivyo mtu anavyokataa?"

Viazi vikachemka vikamwagikia jikoni, jiko likachafuka, hakuna aliyejali. Nikafikiria. Kweli, nilipoulizwa na mke wa askofu kama ninataka bata wake mzee, nilisema hivyohivyo, na nilikuwa namkataa. Na Yost aliponiuliza kama ningependa kuolewa naye, nilisema hivyohivyo, na nilikuwa namkubali. Bahati yake alikuwa mkaidi akauliza mara ya pili. Miezi mitatu nimemlaumu mwanangu moyoni kwamba ameniondoa zizini, kumbe yeye alikuwa ananiheshimu. Alinifanyia kiti kizima kwa ajili ya heshima hiyo.

"Nitazungumza naye leo jioni," nikasema, "watu wakishaondoka. Kuna muda."

Hapakuwa na muda. Wanaume walikuwa hawajamaliza hata mkate wa molasi niliposikia injini. Nikafuta mvuke kwenye kioo. Lori la Pruitt lilikuwa linaingia uani, minyororo ya matairi ikigonga.

Pruitt akateremka akipiga mikono yake. "Dhoruba inakuja kesho," akamwambia Rudy aliyetoka na kitambaa cha kulia bado mkononi. "Barabara itafungwa. Nikaona nimchukue leo, kama huna neno."

"Sina neno," akasema Rudy. "Nakuletea."

Akaenda zizini. Mimi nikatoka. Sikuvaa koti, nilikuwa na aproni tu na mwiko wa viazi mkononi, viazi vikiganda juu yake. Nikafuata kijia cha majivu mpaka kwenye kona, na pale kilipokunja kwenda chooni nikakiacha nikaingia kwenye theluji. Ilinifika magotini. Malinda akaniita mlangoni, "Mama, koti!" Sikugeuka. Nilihesabu bila kutaka: ishirini na mbili, ishirini na tatu.

Mlango wa zizi ukalia mara mbili, Rudy akatoka na Tillie. Alikuwa amemfunga kamba kwenye pembe, naye Tillie ameikita miguu yote minne ardhini, kichwa chini, pua inatoa moshi. Kiwele kilikuwa kimejaa upande mmoja. Nyuma yangu wanaume walikuwa wameanza kutoka nyumbani, wakijifuta midomo, wakasimama kuangalia, kwa sababu ng'ombe anayegoma ni burudani ya bure.

"Mvute, Rudy!" akasema Sam Gingerich. "Au umruhusu yeye akuvute wewe, tujue nani anauzwa!"

Watu wakacheka. Pruitt akateremsha ubao wa lori. Ukagonga chini, na Tillie akashusha sikio la kushoto.

"Toka pembeni," nikamwambia Rudy.

Akatoka pembeni bila kufikiri, kama alivyokuwa akitoka akiwa mdogo, na teke likapita mahali lilipokuwa goti lake. Watu wakaacha kucheka. Tillie akageuza kichwa, akaniona, akatoa sauti ile anayoitoa tumboni, akaja hatua mbili mpaka kamba ikakaza, akaanza kulamba viazi kwenye mwiko wangu.

Pruitt alikuwa mtu wa haki. Akavua kofia akakuna kichwa. "Huyu ng'ombe ana mwenyewe," akasema. "Nani alikuwa anamkamua?"

Kwetu mtu hajitaji. Yost alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono mfukoni, ananiangalia. Alikuwa ameibana midomo kwa nguvu, maana alikuwa na jibu na hakutaka kulitoa yeye.

Rudy akanitazama mimi, halafu akautazama mwiko, halafu miguu yangu kwenye theluji. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilimwona anaanza kuelewa, na nilimwona anaogopa kunikosea mbele ya watu. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa maneno ambayo kwetu mwana hamuulizi mama yake.

"Mama. Unataka abaki?"

Likaja, jibu langu la miaka sitini na mitatu, likakaa tayari kwenye ulimi. Kama mta—. Nikalimeza. Lilishuka vibaya, kama kipande cha kuku chenye mfupa. Wanaume kumi na wanne walikuwa wananiangalia, shemasi akiwa mmojawapo.

"Nataka," nikasema. "Nataka abaki. Na nataka kumkamua mwenyewe, yeye na wawili wa pembeni yake, asubuhi na jioni, mpaka magoti yangu yakatae. Na ile ndoo yangu, Rudy, ile uliyotia majivu, nataka isuguliwe kwa mchanga na maji ya moto, irudi kwenye msumari wake leo, kabla ya saa ya kukamua."